Huru Maadamu Ngoma Inalia

Nchi ninayotaka kuisimulia haikuwa na mtumwa hata mmoja. Jambo hilo liliandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya lango la forodha, na kila mwaka mafundi walipanda ngazi kuzing'arisha herufi hizo, maana moshi wa meli zilizokuwa zikipakua mizigo chini yake uliziharibu. Ilikuwa nchi ya baridi, na kitu ilichojivunia kuliko vyote ni hewa yake. Wanasheria walikuwa wamethibitisha kwamba hewa ile ni safi mno, hata mtu akiivuta mara moja tu utumwa humtoka kama homa. Kwa hiyo watu walionunuliwa pwani za mbali na kuletwa pale hawakuitwa watumwa. Waliitwa Wapendwa.

Mpendwa alitunzwa vizuri. Alivaa hariri na kilemba chenye manyoya, hata kama kwao hakuna aliyewahi kuvaa kitu cha namna hiyo. Alilala mlangoni kwa bwana wake, ili akiitwa asikie upesi. Alichorwa kwenye picha za familia, pembeni kidogo, ameshika sahani ya matunda na kumtazama bwana wake kwa shukrani. Mchoraji alijua kuiongeza shukrani hiyo siku ambazo haikuwepo. Shingoni alivaa pete ya fedha yenye kufuli, imechorwa jina la nyumba inayompenda. Akipotea alitafutwa kwa mbwa, kwa jinsi watu walivyoshindwa kukaa bila yeye. Na aliweza kutolewa zawadi. Waziri wa Taratibu, Mheshimiwa Haspel, alipenda kuwaeleza wageni kwamba hakuna ukatili wowote katika hilo, kwani nani humpa rafiki yake kitu asichokipenda?

Wageni walitikisa vichwa kukubali. Mimi sikusudii kumlaumu mtu, naeleza tu utaratibu ulivyokuwa.

*

Katika kasri la mfalme alikuwepo Mpendwa aliyeitwa Saturnus. Jina hilo alipewa na mfalme mwenyewe siku alipofika, baada ya kukumbushwa kwamba Jupita tayari lilikuwa jina la mbwa wa kuwindia. Mama yake alikuwa amemwita Mshangama, na kwa kuwa mama yake ndiye aliyemjua kwanza, sisi tutamwita hivyo.

Mshangama alikuwa mpiga ngoma. Ngoma zenyewe zilikuwa mbili, za shaba, kubwa kama masufuria ya karamu, moja ya sauti nene na nyingine ya sauti nyembamba, na mpigaji alisimama katikati akiwa na mikwiro, yaani fimbo za kupigia, moja kila mkono. Katika nchi ile ngoma hizo zilihesabiwa kuwa sauti ya mfalme. Zilipolia, mfalme ndiye aliyekuwa akisema.

Hapo ndipo palipotokea shida. Mitindo ya wakati ule ilitaka mpiga ngoma wa mfalme awe mtu mweusi. Wafalme wote jirani walikuwa naye, na mfalme asiye naye alionekana kama mtu aliyekuja harusini bila viatu. Lakini sheria ya zamani ya wapiga ngoma ilisema mkono unaotoa sauti ya mfalme lazima uwe mkono wa mtu huru. Mfalme mmoja jirani alipoiona pete shingoni mwa Mshangama aliuliza mezani, mbele ya watu, kama sauti ya mwenzake ilikuwa imefungiwa kufuli kwa kuogopa wezi. Watu walicheka. Mfalme wetu hakumaliza nyama yake.

Baraza lilikaa muda mrefu. Wazee wengine walishauri kwamba Mshangama aachwe huru, lakini ilionekana kwamba hatua hiyo ni kubwa mno kwa tatizo la muziki. Ndipo Mheshimiwa Haspel alipobuni kitu kilichomfanya aheshimiwe hadi leo, Uhuru wa Kupigia. Kuanzia pigo la kwanza la ngoma hadi pigo la mwisho, Mshangama angekuwa mtu huru kamili, mwenye haki zote za watu huru. Kabla na baada ya hapo angeendelea kupendwa.

Akateuliwa Mtunza Pete, Bwana Tobel, mtu mpole mwenye familia kubwa. Kazi yake ilikuwa kuifungua pete kabla ya muziki na kuifunga baada yake. Tobel aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Wakati wa theluji aliiweka pete kwapani muda wote wa wimbo ili isiwe baridi atakapoirudisha, na nyumbani alimsimulia mkewe habari hiyo, naye mkewe akawasimulia majirani. Wapiga tarumbeta, ambao walikuwa huru hata wakinyamaza, walikuwa na utani wao. Kila asubuhi walimwuliza Mshangama, "Leo wewe ni mtu wa wimbo mrefu au mfupi?" Naye aliwajibu kwamba inategemea pumzi zao, maana wao ndio wanaochoka kwanza.

*

Mshangama alikuwa na binti mmoja. Mama wa mtoto, aliyekuwa Mpendwa wa malkia, alikufa kwa kifua katika baridi ya pili tangu ajifungue. Malkia alilia siku nzima. Kisha aliagiza mwingine, lakini hakupatikana wa urefu uleule, na hiyo ikamwongezea huzuni.

Mtoto aliitwa Perla kasrini. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya malkia na kulishika pindo refu la gauni lake lisiguse sakafu. Baba yake alimwita Mwanakheri. Jioni walikutana katika ghala ya vyombo vya muziki wakazungumza kwa lugha yao, ambayo watu wa kasri waliichukulia kuwa aina ya mafua. Pale Mshangama alimfundisha binti yake ngoma ya kwao, ile iliyopigwa watu wanaporudi salama kutoka safari ya mbali. Hawakuthubutu kuzigusa zile za shaba. Walipiga kwa vidole juu ya kasha la vinubi, baba upande huu na mtoto upande ule. Mtoto alipokosea walicheka na kuanza upya.

Mwaka huo Malkia Mjane wa nchi jirani alikuwa akitimiza umri mkubwa, na ikaamuliwa apelekewe zawadi tatu: saa ndefu ya kusimama yenye kimlango cha kutokea sanamu, kasuku wawili, na Perla. Kasuku walitengenezewa tundu moja pana, kwa sababu daktari wa ndege alieleza kwamba wamezoeana toka utotoni, na mmoja akitenganishwa na mwenzake hufa kwa huzuni. Jambo hilo liliwagusa watu wengi.

Bwana Tobel ndiye aliyempelekea Mshangama habari. Alimkuta anakaza ngozi za ngoma.

"Saturnus," alimwambia, "kuna neno afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa wale wa tarumbeta."

Akamweleza. Mshangama aliendelea kuikaza ngozi mpaka ikawa imekazwa kupita kiasi, kisha akailegeza tena. Aliuliza kama na yeye angeweza kuingizwa katika zawadi. Tobel alisema alikwisha kuulizia, na jibu lilikuwa hapana, mpiga ngoma anahitajika.

"Bwana Tobel, ninapopiga mimi ni mtu huru?"

"Huru kabisa, kama mimi. Tena kunishinda, maana mimi naweza kuitwa saa yoyote."

"Na mtoto wa mtu huru hutolewa zawadi katika nchi hii?"

"Hapana. Hewa yenyewe haikubali."

"Basi wakati napiga, binti yangu ni wa nani?"

Tobel alilipeleka swali juu, likapanda kutoka ofisi hadi ofisi, na kila ofisi ililisifu. Hatimaye Mheshimiwa Haspel alituma jibu kwamba swali ni zuri sana na linaonyesha jinsi Wapendwa wanavyoendelea kiakili. Ni kweli kwamba wakati wa kupiga, binti ni wake na hawezi kuguswa na mtu. Lakini Wimbo wa Mfalme ni mfupi, na zawadi hukabidhiwa baada yake, kwa hiyo hakuna atakayeonewa.

Mshangama alisema anashukuru kwa kueleweshwa.

*

Zawadi zilikabidhiwa mchana, katika ukumbi wa vioo, mbele ya mfalme, malkia na balozi wa Malkia Mjane. Saa ilisimamishwa katikati, tundu la kasuku likawekwa kushoto kwake, na Mwanakheri akasimamishwa kulia, amevaa hariri ya kijani. Tobel alifungua pete akaitia kwapani. Wimbo wa Mfalme ukapigwa. Tarumbeta zikalia, zikapanda, zikashuka, zikanyamaza. Ngoma haikunyamaza.

Kwanza watu walidhani ni mapambo. Mfalme alitabasamu. Kisha balozi, aliyekwisha kunyoosha mkono kumpokea mtoto, akabaki na mkono hewani, na tabasamu la mfalme likaanza kuchoka. Mheshimiwa Haspel alimwendea Mshangama akamwambia kwa upole kwamba inatosha. Mshangama alimjibu bila kuacha.

"Mheshimiwa, napiga. Mimi ni mtu huru, na yule ni binti yangu. Simtoi."

Askari walisogea, lakini Haspel mwenyewe aliwazuia. Kuzigusa ngoma zinapolia ni kumkaba mfalme koo, na adhabu yake haikuwa ndogo. Ikabidi aitwe Mkuu wa Muziki, Bwana Lindorf, mzee aliyeutunga Wimbo wa Mfalme, aseme kama wimbo umekwisha.

Lindorf alisikiliza kwa makini. Akasema haujaisha. Juu ya pigo la mwisho kuna alama ya kushikilia, inayompa mpigaji ruhusa ya kulirefusha pigo hilo apendavyo.

"Apendavyo?" aliuliza Haspel. "Nani alikuambia uandike apendavyo?"

"Ndivyo inavyoandikwa, Mheshimiwa. Hakuna aliyewahi kupenda muda mrefu hivi."

Balozi alikohoa akasema farasi wake wako nje kwenye baridi. Hapo Haspel alikumbuka desturi. Katika nchi ile mtu alimkiri mtoto kwa kumshika mkono mbele ya mfalme, na mtoto asiyeshikwa hakuwa na baba. Ndivyo wakubwa walivyotofautisha watoto wao wa ukumbini na watoto wao wa jikoni. Basi Haspel aliuinua uso akauhutubia ukumbi. Alisema dola hii haimnyimi mtu haki yake, awe wa rangi yoyote. Kwamba hata leo, mbele ya wageni, inamwita baba huyu aje achukue kilicho chake. Na kwamba kama kweli yule ni mwanawe, basi na amshike mkono. Wazee wa baraza walinong'ona kwa kuridhika. Kila mtu aliona kwamba mikono ya Mshangama ilikuwa na kazi.

Mshangama aliuachia mkwiro wa kushoto ukaanguka sakafuni. Mkono wa kulia uliendelea kupiga. Ule mwingine aliunyoosha.

Mwanakheri alitoka pale kwenye saa, akapita mbele ya tundu la kasuku, akapita mbele ya balozi, akaja kuushika.

Kisha Haspel, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa, alieleza kwamba sauti ya mfalme ni ngoma mbili. Ngoma moja ni nusu ya sauti. Nusu ya sauti inampa mpigaji nusu ya uhuru, na nusu ya uhuru inampa nusu ya mtoto. Nusu ya pili, kwa masikitiko, ilibaki kuwa zawadi. Baraza likaanza kujadiliana ni nusu ipi, na mzee mmoja msomi alipendekeza miezi sita sita, lakini balozi alisema Malkia Mjane hana hakika kama ataishi miezi sita.

Wakati wanajadiliana, mtoto aliinama akaokota mkwiro ulioanguka.

"Piga, mama," Mshangama alimwambia kwa lugha yao. "Usiwaangalie. Sikiliza mkono wangu."

"Nikikosea je, baba?"

"Hapa hakuna anayeijua. Huwezi kukosea."

Akapiga, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia uko ndani ya mkono wa baba yake. Pigo la kwanza lilitetemeka. La pili likakaa mahali pake. Kisha wakaiacha ile sauti ndefu ya Bwana Lindorf na kuingia katika ngoma ya kwao, ile ya watu kurudi salama, ngoma nene ikiita na nyembamba ikiitika.

Nimeambiwa na wengi waliokuwepo kwamba hawakuwahi kusikia kitu cha namna ile. Wapiga tarumbeta walishusha tarumbeta zao. Kasuku walinyamaza. Mzee Lindorf alifumba macho. Mheshimiwa Haspel alionekana akigonga kisigino sakafuni, ingawa baadaye alikana. Mtu mmoja wa baraza alinong'ona kwamba sasa ngoma ni mbili tena na wapigaji ni wawili, kwa hiyo kisheria wote wawili ni watu huru, na hakuna aliyempinga. Balozi alianza kuvaa glavu zake, kama mtu anayejiandaa kuondoka na saa na kasuku peke yao.

Aliyeguswa kupita wote ni malkia. Alikuwa amekaa na mtoto yule tangu anajifunza kutembea, lakini mtoto alikuwa siku zote nyuma yake, ameshika pindo, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuutazama uso wake kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka. Alisimama, akaweka mikono yake pamoja, na kwa moyo wake wote akapiga makofi.

Malkia akisimama, hakuna anayebaki ameketi. Ukumbi mzima uliinuka ukapiga makofi pamoja naye, wengine wakilia, wengine wakigonga panga zao sakafuni. Watu walipiga makofi kama wasiotaka kuacha, na kuta za vioo zikarudisha kila kofi mara mbili. Mshangama na binti yake waliendelea kupiga, mikono yao ilionekana ikipanda na kushuka, lakini hakuna kilichosikika. Haspel alimwinamia Mkuu wa Muziki na kumwuliza sikioni kama kuna muziki unaoendelea.

Mzee Lindorf alijaribu kusikiliza. Mashavu yake yalikuwa yameloa.

"Siusikii, Mheshimiwa," alisema.

Basi ulikuwa umekwisha. Bwana Tobel alizisogelea ngoma akaitoa pete kwapani. Ilikuwa na joto. Mtumishi wa balozi aliifungua mikono miwili iliyokuwa imeshikana, kidole kwa kidole, kwa adabu kabisa, huku makofi yakiendelea.

*

Malkia aliporudi chumbani kwake alishangaa pindo lake kushikwa na mtu mwingine. Alipoelezwa alisema alidhani alikuwa anasaidia. Mfalme alitoa tamko kumsifu Saturnus kwa kuiletea nchi heshima, na Bwana Lindorf aliagizwa kuifuta ile alama juu ya pigo la mwisho. Mheshimiwa Haspel aliongeza sharti kwamba zawadi ikishapokelewa haina tena baba katika nchi hii, hata kama ngoma inalia. Aliliongeza siku hiyohiyo, kwa sababu zawadi za kifalme husindikizwa kwa ngoma mpaka zivuke daraja la nje ya lango, na hakutaka maswali mengine.

Ngoma za shaba zikatolewa nje. Theluji ilikuwa imetanda hadi kwenye daraja, nyeupe, bila alama ya mguu. Saa ilifungwa ndani ya majani makavu, tundu la kasuku likafunikwa blanketi la sufu, na Mwanakheri akaingizwa kwenye gari la farasi, mlango ukafungwa. Tobel alifungua pete. Mshangama akapiga.

Hakupiga Wimbo wa Mfalme, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkumbusha. Gari liliposogea, kutoka ndani yake ilisikika sauti ndogo ya kugonga. Mtoto alikuwa anagonga ubao wa gari kwa vidole. Baba aliita, na ubao ukaitika. Aliita tena, ukaitika kwa mbali kidogo. Askari wa lango walitazama theluji. Gari lilifuata barabara, likawa dogo, na ngoma za shaba, ambazo zilitengenezwa zisikike vitani, zilijaza bonde lote.

Kabla gari halijafika darajani, Mshangama aliacha.

Tobel alishtuka. Alimwambia mbona ameacha, bado ana ruhusa, yeye ni mtu huru mpaka gari livuke daraja, imeandikwa. Mshangama aliinua mkono.

"Nyamaza, bwana," alisema. "Nikipiga simsikii."

Tobel akanyamaza. Wapiga tarumbeta wakanyamaza. Gari lilivuka daraja, likazama nyuma ya miti. Tobel alisema baadaye kwamba alitega sikio kadiri ya uwezo wake na hakusikia kitu ila upepo, na kwamba alisubiri alivyoweza, lakini utaratibu ni utaratibu. Alimfunga pete Mshangama akiwa amesimama vilevile, ameinamisha kichwa upande wa barabara, na alipotaka kumwambia kitu, Mshangama aliinua mkono tena.